Katekista Aliyekataza Mkasi wa Kiangazi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza chini ya jua hili. Nasema wazi, na anayebisha aje Musoma aulize mtaa mzima. Nimelala kwenye kambi za wavuvi kule Rukuba, juu ya magunia ya dagaa, upepo wa ziwa ukitaka kuondoka na bati. Nimeshuka kwenye mashimo ya dhahabu ya Buhemba nikiwa nimefungwa kamba kiunoni kama ndoo. Nimenunua sukari kwa kibali, nimenunua bila kibali, na mara moja nimenunua kwa kibali cha marehemu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini waliomaliza la saba leo wananiomba kazi ya kupakia magunia, na nawapa. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Sasa, alikuwepo mtu mmoja Bunda, pale Nyasura, jirani yangu ua kwa ua. Alikuwa katekista wa kigango. Jina lake analo Mungu. Sisi wote, wakubwa kwa wadogo, hata wasiosali, tulimwita Katekista, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Tulianza ujirani nikiwa kijana mwenye baiskeli isiyo na breki, tukaumaliza nikiwa na gari. Mpaka leo nikisikia mlio wa mkasi wa bustani, popote pale, natazama kwanza ardhi niliyoikanyaga kama bado ni yangu.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ndefu kama korongo. Wakati nchi nzima haina sabuni, tunafulia magadi na majani ya mpapai, yeye soksi zake zilikuwa nyeupe. Usiniulize alizifulia nini. Kwapani hakukosa mkasi. Padre mzungu mmoja aliyerudi kwao alimwachia mkasi huo mkubwa wa kukatia maua ya misheni, wenye mishikio ya mbao, na yeye akauheshimu kama kalisi. Mafuta ya mashine yalipoadimika aliupaka mafuta ya sangara. Kwa hiyo ulikuwa unamjua anakuja kabla hujamwona: kwanza harufu ya samaki, halafu ule mlio, kwach, kwach, anakata hewa tu huku anatembea.

Bustani ya misheni aliitunza yeye, na kutoka hapo akatawala maua ya mtaa mzima. Hukuweza kukata kichaka mlangoni kwako bila yeye kutia neno. Kalenda yake ilikuwa ya kanisa. Waridi hukatwa wiki ya Majivu, yakichipuka yachanue Pasaka. Bogonvilia husubiriwa mpaka maua yadondoke yenyewe, ndipo unalipunguza, maana ukilikata likiwa limevaa halikusamehe mwaka mzima. Haibiskasi ni Pentekoste, masika inapokatika, na kwa mkono mwepesi kama unamnyoa mtoto. Miti ya makaburini hukatwa vuli inaponusa, kabla ya Siku ya Marehemu Wote. Na ua wa minyaa, huo wa mipaka, ni Kwaresima, mvua kubwa ikianza.

"Na kiangazi, Katekista?" watu walikuwa wanamuuliza, ingawa jibu wanalijua.

"Kiangazi mkasi unalala. Anayekata kiangazi hakati, anaua. Jua linaingia penye kidonda. Mti haupigi kelele, lakini unakufa mpaka chini."

Alilisema hilo hata kwenye mafundisho ya kipaimara. Watoto wa Nyasura walijua amri kumi za Mungu, na ya kumi na moja ilikuwa ya Katekista. Mke wangu alipotaka kukata minyaa mwezi wa saba apate kuni za kuwashia moto, nilimkataza mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Mama, kiangazi hatukati." Nikajiona mtaalamu.

Watu walimpenda na walimwogopa. Alikuwa na tabia moja mbaya. Akija kumwona mgonjwa, hamwangalii mgonjwa. Anasimama mlangoni anaangalia kile kichaka cha maua kilicho karibu na kizingiti, anakishika majani, anakunja midomo. Akisema "hiki kinakauka kwa juu," wanawake walianza kulia kimyakimya. Yalisemwa maneno: Katekista akikukatia ua la mlangoni bila kuombwa, tafuta sanda. Mimi mambo hayo siyaamini. Lakini nilimwona akifanya hivyo kwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye alikuwa na homa ya kawaida tu, na fundi hakumaliza wiki. Nilimwona tena kwa mzee mmoja muuza tumbaku. Nikimwuliza, anasema, "Baba Nyangeta, mimi nakataga kilichokufa tu. Nyinyi ndio mnachelewa kuona."

Baba Nyangeta ni mimi. Nyangeta alikuwa binti yangu wa kwanza. Alikufa ule wakati zahanati ina muuguzi na kitanda lakini haina dawa, hata kwinini ya kumeza. Alikuwa ameshaanza kuniita kwa jina, siyo baba, kwa jina langu kabisa, kama mama yake alivyoniita akikasirika, na mtaa mzima ulikuwa unamcheka. Gari la misheni halikuwa na petroli, padre hakufika. Katekista ndiye aliyekuja. Saruji haikuwepo, mbao hazikuwepo. Aling'oa mlango wa banda lake la kuku, akaukwangua, akaugonga ukawa sanduku. Akachimba na mimi. Alichagua mahali mwenyewe, upande wetu, pembeni ya ua wa minyaa. Alisema, "Hapa ng'ombe hapiti na jua la saa nane halimfikii." Akamzika vizuri kuliko mapadre wengi ninaowajua. Mke wangu alimpigia magoti siku ile, na mimi sikumkataza.

Sasa mchukue mtu huyo huyo. Watoto wa kipaimara aliwachapa kwa fimbo za haibiskasi alizozichagua moja moja, anazikunja asikie kama ni mbichi. Hakuchukua hata senti kwa kukata maua ya mtu, lakini mbuzi wako akila majani kwake utamlipa kuku, na kuku huyo anamchagua yeye. Aliwalilia maskini machozi ya kweli kanisani, halafu anapita foleni ya duka la kaya kwa mlango wa nyuma. Nilishindwaga kumpima. Na mimi napima watu kama dagaa, nikishika kiganjani tu najua kama kuna mchanga.

Kuna jambo lingine linabidi nilieleze, usije ukaniuliza kwa nini mwanaume kama mimi nilinyamaza. Ilifika ile operesheni ya kuwakamata walanguzi. Wenye maduka walitupa mali ziwani, wengine walichoma vitenge vizima. Mimi sikutupa kitu. Nilikuwa na sabuni za miche, betri na khanga, nikazisokomeza ndani ya ua wa minyaa, katikati kabisa, mahali ambapo askari hawezi kuingiza mkono kwa kuogopa yale maziwa ya minyaa. Maziwa yale yakikuingia jichoni umeliaga jicho. Nikajiona nimeishinda serikali.

Asubuhi Katekista akaniita kupitia uani.

"Baba Nyangeta."

"Naam, Katekista. Shikamoo."

"Marahaba. Huu ua wetu mwaka huu umechanua mapema. Mvua haijanyesha, mimi naona khanga."

Nikamwambia, "Katekista, nionee huruma. Nina mke."

"Nani amesema nitasema? Wewe ni jirani." Akakata hewa mara mbili, kwach, kwach. "Jirani mwema hagombanii ua."

Askari walipita, walikagua nyumba yangu mpaka vunguni, walikagua mpaka chungu cha maji. Walimwuliza Katekista kama ameona kitu. Akawaambia yeye anaonaga maua tu. Wakacheka, wakaondoka. Mali ile nikaiuza baadaye kwa bei ambayo sitaitaja hapa, ndiyo iliyoninunulia mtumbwi wa kwanza na injini yake. Lakini tangu siku ile, kila akifanya lolote kwenye ua, mimi nilikuwa natazama pembeni. Lile neno lake la jirani mwema lilikuwa linanitosha.

Na alifanya. Kila Kwaresima, mvua ikianza, alikata minyaa, na matawi akayatupa upande wetu. Tawi la minyaa kwenye ardhi yenye unyevu ni kama mate, likidondoka limeota. Yale makubwa aliyachomeka mwenyewe kwenye mstari. Mke wangu akimwuliza, anajibu, "Naziba matundu, mama. Mbuzi wasimkanyage mtoto." Mke wangu anamshukuru na kumpelekea uji.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Rukuba, halafu dhahabu ikaniita Buhemba, halafu ikaja ruksa, mitumba ikafunguliwa, biashara ikafunguliwa, na mimi nikafunguka nayo. Nikafungua duka Musoma, la pili likafuata, nikajenga nyumba ya vigae karibu na ziwa. Nilirudi Nyasura sikukuu hadi sikukuu, nimebeba mkate na soda, nalala mara moja naondoka. Mke wangu alikataa kuhamia Musoma. "Nitamwacha na nani?" alisema. Nilimjengea pale pale nyumba ya matofali ya kuchoma ili watu wasiseme.

Mara moja nilikuja kiangazi. Ilikuwa ile miezi ambayo sheria inataka kila mkulima ang'oe masalia ya pamba na kuyachoma, kwa hiyo Bunda nzima ilikuwa moshi, mlima hauonekani. Jioni nikasikia kwach, kwach. Nikadhani masikio. Nikachungulia. Katekista alikuwa kwake, upande wake wa ua, ameinama, anakata minyaa ya zamani, ile minene, mpaka usawa wa ardhi. Mabua ya pamba ameyarundika juu ya mashina na ameyawasha moto. Jicho moja amelifunga kwa kitambaa.

"Katekista! Kiangazi?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mchwa, Baba Nyangeta. Nachoma mchwa."

"Na jicho?"

"Moshi wa minyaa. Litapona."

Halikupona. Na mimi nilikwenda kulala. Mtu mwenye akili zangu, aliyewahi kumshika mpimaji wa dagaa akiwa amebonyeza mizani kwa kidole cha mguu, nikalala usingizi mzito, na moshi unaingia dirishani.

Aliyeona ni mke wangu. Palikuja wakati pamba ikaachiwa, wanunuzi binafsi wakamwagika Bunda na malori, kila mmoja anatafuta mahali pa kujenga ghala karibu na barabara. Ardhi ambayo juzi mtu alikuwa anakugawia kwa pombe ya mtama, sasa ina bei. Wapima ardhi wakaanza kupita na minyororo yao. Walikuwa wanasema neno moja tu kwa watu wote: penye ua ndipo mpaka. Katekista kwa kuzeeka alikuwa amechukuliwa na binti yake kwenda Butiama, na mtoto wake wa kiume, dereva, akabaki na kiwanja. Huyo kijana akapata mteja wa ghala.

Mke wangu akanitumia mtu Musoma, niende upesi. Nilimkuta amekaa chini, karibu na ua, lakini amekaa upande wa Katekista.

"Mama, unafanya nini kwa watu?"

"Niko kwa mwanangu," akasema. "Mtafute mwanao yuko wapi."

Nikaangalia. Haki ya Mungu, niliangalia mara nyingi. Lile jiwe jeupe la Nyangeta, nililoliviringisha kutoka mtoni kwa mikono hii, lilikuwa ng'ambo. Ua mzima, mrefu, mzito, mzuri, umepita kati yetu na jiwe. Hakuna tundu hata la kupitisha kuku. Ukiuona ungeapa umeoteshwa hapo na babu zako.

Mke wangu alishika jembe, akafukua kidogo nyuma ya kaburi, tena nyuma zaidi kule kwa Katekista. Yalikuwa yamejipanga chini ya udongo, mashina meusi, yamechomwa, mstari kwa mstari, kila mstari na kiangazi chake. Akasema, "Masika alikuwa anapanda kwetu. Kiangazi alikuwa anaua kwake. Sisi ametufundisha tusikate kiangazi, maana ungekata wewe kiangazi mara moja tu upande wetu, ua ungerudi." Halafu akasema, "Wakijenga ghala, sakafu itapita juu yake. Magunia ya pamba yatakaa kifuani kwake."

"Tutamhamisha," nikasema. "Nina hela, nitamfanyia jeneza la mninga."

"Mtoto hafukuliwi. Ukimgusa, utanifukia mimi hapo hapo."

Mke wangu hasemagi mara mbili. Kijana dereva nilimfuata, akanicheka usoni. "Mzee, mpaka si ua? Au kwenu Musoma mpaka ni ukuta wa vigae? Nenda kamwulize baba, kiwanja bado cha kwake." Na mteja wa ghala alikuwa ameshaagiza kokoto.

Nikaendesha gari mpaka Butiama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumtisha na polisi, nikakumbuka khanga. Nilipanga kumtisha na padre, nikakumbuka ule mlango wa banda la kuku.

Alikuwa amekaa kibarazani kwa binti yake, kwenye kiti cha kamba. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, la pili limevaa ukungu. Mbele yake kulikuwa na kichaka cha waridi kikavu. Mikono yake ilikuwa inatembea juu ya matawi, anayahesabu kwa vidole. Mkasi hakuwa nao. Nadhani walikuwa wameuficha.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Baba Nyangeta." Sikuwa nimejitaja. "Umenenepa. Mlango wa gari umelalamika."

Binti yake akaleta stuli, akaondoka. Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya ua."

"Ua una nini?"

"Umehama."

"Ua hauna miguu, bwana."

"Ulikuwa na yako."

Vidole vikaacha kutembea. "Nani ameona? Si wewe."

"Mama Nyangeta. Amefukua mashina."

"Ee." Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema. "Huyo nilimwogopaga. Wewe sikukuogopa hata siku moja."

"Kwa nini ulifanya, Katekista? Wewe ndiye uliyemzika."

"Ndiyo, nilimzika mimi. Na aliyembakisha ni mimi. Wewe ulikwenda Rukuba, ukaenda Buhemba. Wakati ule wa dhahabu ulikuwa unauza mpaka kitanda. Kile kiwanja ungekiuza, tena kwa mlevi. Nikasema, nitamvuta kidogo kidogo aje kwangu. Masika moja, kiangazi kimoja." Akageuza lile jicho lenye ukungu upande wangu. "Au sema nilitaka kiwanja kipana, kama wanavyosema watu. Chagua unalotaka. Yote mawili yaliota."

"Na sasa mwanao anauza."

"Anauza. Watoto wa siku hizi wanakata bila kuangalia majira." Alikohoa muda mrefu. "Kwa hiyo nunua kile kipande cha mtoto. Nunua leo, na mimi niweke dole mbele ya mtendaji. Nikishakufa huyo hatakujua."

"Katekista, ni ardhi yangu. Ninunue ardhi yangu?"

"Ilikuwa ya kwako wakati haina bei. Utalipa bei ya mtu wa ghala, sipunguzi. Nikikupunguzia utasema nilikuibia."

Nimenunua mitumbwi, nimenunua maduka, nimenunua lori kwa Mhindi aliyekuwa analia. Sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Siku ile nilifungua mdomo nipunguze, yeye akainama, akavunja kwa mkono kijiti kimoja kikavu cha ile waridi, akakiweka juu ya goti langu. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi hatukati. Nikafunga mdomo.

Mtendaji aliitwa, dole likawekwa. Mteja wa ghala nilimlipa kokoto zake ili asilete maneno, mpima ardhi nilimlipa nauli na siku zake, na mawe ya mpaka yakachimbiwa mke wangu akiwa amesimama hapo hapo, anawaelekeza wapite wapi. Kipande chenyewe, ukilala chali miguu inagusa ua na kichwa kinatoka nje. Pamoja na kila kitu, kilinigharimu shilingi laki nne, kumi na saba elfu na mia tano.